Data kutoka diski ya kompyuta ya zamani: uichomoe, uikloni, upitishe kebo au wingu?

Mtu akipata kompyuta mpya, swali lake la kwanza huwa ni njia ipi ina kasi. Mimi huanzia kwingine. Ile ya zamani bado inawaka? Na ikiwaka, diski yake inasoma vizuri au inakwamakwama? Majibu mawili hayo huondoa njia kadhaa kabla hujafika kwenye habari ya kebo. Kompyuta inayowaka, yenye diski nzima, inakuachia uchague upendavyo. Iliyokufa lakini diski yake ni nzima hukubakishia njia moja ya maana, nayo ni kuichomoa diski. Diski inayougua ni kesi ya peke yake, na humo kasi haina kazi.

Afadhali niseme mapema ninakoegemea: anayehamia kompyuta nyingine kabisa asikloni diski, yaani asiinakili nzima nzima pamoja na mfumo wake. Achukue faili zake, aache mfumo wa zamani ulipo, asakinishe programu upya. Ni kazi ya jioni moja au mbili, lakini ikiisha imeisha. Kukloni kuna mahali pake pazuri sana, ila si hapo.

Iwashe mara moja zaidi

Hata kama umeshaamua kuichomoa diski, usishike bisibisi kabla hujaiwasha kompyuta ya zamani kwa mara ya mwisho, maadamu inawaka. Kuna vitu ambavyo hutoka kwenye diski kwa urahisi mfumo wake ukiwa hai tu. Diski ikishakuwa kipande cha chuma juu ya meza, vitu hivyo vinakuwa vigumu, na vingine haviwezekani kabisa.

Cha kwanza ni usimbaji fiche, yaani kuifunga data kwa ufunguo ili bila huo isisomeke. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, hasa za mkononi, husimba diski zenyewe pindi mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, naye wala asijue. Ukiichomoa diski hiyo na kuichomeka kwingine utaombwa ufunguo wa BitLocker (mfumo wa Windows wa kusimba diski) wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtumiaji. Utafute sasa, uuandike kwenye karatasi, ndipo uendelee. Kwa Mac zenye chipu ya T2 au chipu za Apple zenyewe, usihangaike kufungua skrubu. Hifadhi yake imefungamanishwa na chipu ya mashine ile ile, na kwingine haisomeki. Hizo huhamishwa kwa kebo au mtandao, zikiwa zimewashwa.

Cha pili ni nywila zilizomo kwenye kivinjari. Hapa watu wengi hukosea kwa kuamini kwamba kunakili folda ya kivinjari kunatosha. Kwenye Windows, Chrome hufunga nywila kwa ufunguo unaotegemea akaunti ya mtumiaji katika mfumo ule. Folda utainakili, alamisho zitakuja, nywila hazitafunguka. Zisawazishe na akaunti yako au zitoe kwenye faili mfumo ukiwa bado unawaka, kisha faili hiyo uifute baada ya kuiingiza upande wa pili, kwa sababu ndani yake nywila zimeandikwa wazi. Firefox ni mpole zaidi. Ukichukua folda nzima ya wasifu, yenye faili za logins.json na key4.db, nywila huja nazo, ilimradi unaikumbuka nywila kuu kama uliwahi kuiweka.

Cha tatu ndicho kinachoumiza zaidi kwa sababu hakionekani. OneDrive na huduma za aina yake huweza kuacha kwenye diski kivuli cha faili tu. Jina lipo, ukubwa upo, lakini yaliyomo yako kwenye wingu. Alama ndogo ya wingu kando ya jina ndiyo inayokuambia. Ukinakili faili hizo kutoka diski iliyochomolewa unapata makosa, au unapata hewa. Agiza folda nzima ibaki kwenye kifaa, subiri ipakuliwe yote, ndipo uzime.

Kuchomoa diski na kuisoma kwa USB

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa kompyuta iliyofika umri. Unaitoa diski, unaitia kwenye kasha la USB au unaifunga kwenye adapta, unaichomeka kwenye kompyuta mpya, nayo inaonekana kama diski ya nje. Kompyuta ya zamani haihusiki tena. Haijalishi kama skrini yake imepasuka, kama bodi imeungua au mfumo umegoma kuwaka.

Ugumu wake uko kwenye kujua umeshika diski ya aina gani. Diski za SATA, yaani za muunganisho wa kawaida, za inchi 2.5 na za inchi 3.5 zina plagi ile ile, lakini hazili umeme sawa. Ile ndogo, ya kompyuta ya mkononi, hutosheka na volti 5 za USB. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani inataka volti 12 pia, kwa hiyo adapta isiyo na chaja yake ya ukutani haitaizungusha hata ungoje mpaka kesho. Wapo wanaodhani diski imekufa kumbe ina njaa ya umeme tu. Diski kuukuu zaidi, za IDE, zina pini nyingi zilizopangwa safu mbili: 40 kwa za mezani, 44 kwa za mkononi, na zinahitaji adapta yake maalumu.

Halafu kuna vile vibao vyembamba vya M.2, vinavyofanana na kipande cha ubani. Vingine ndani ni SATA, vingine ni NVMe, aina mpya na ya kasi zaidi, na kasha la moja si lazima lisome nyingine. Kwa kawaida chenye pengo moja kwenye meno yake ni NVMe na chenye mapengo mawili ni SATA, ila soma lebo kabla ya kununua kasha, au chukua kasha linalokubali zote mbili. Kompyuta nyembamba za siku hizi huenda zisiwe na diski ya kuchomoa kabisa, kwa sababu hifadhi imelehemewa kwenye bodi. Hapo njia hii imekufa, nenda kwenye kebo.

Ukishaichomeka, ingia kwenye folda ya Users, kisha kwenye jina lako la zamani. Windows itakwambia huna ruhusa. Usiogope, bonyeza kuendelea. Mfumo unabadilisha ruhusa za folda moja baada ya nyingine, na kama faili ni nyingi unaweza kwenda kunywa kitu ukarudi. Ruhusa za namna hii si ulinzi wa kweli, ni mlango uliorudishwa tu. Faili zilizosimbwa moja moja kwa EFS (usimbaji uliomo ndani ya Windows) ni habari nyingine. Hizo bila cheti cha akaunti ya zamani hazifunguki.

Usiishie kwenye folda za hati, picha na eneo-kazi. Zipo faili za maana zilizojificha ndani ya AppData, folda ya data za programu, ambayo kwa kawaida haionyeshwi mpaka uwashe kuona vitu vilivyofichwa. Barua pepe za Thunderbird zinakaa humo, upande wa Roaming. Outlook huweka faili za PST, zenye barua zako, ama kwenye Documents ama humo humo AppData, kutegemea toleo. PST chukua. OST iache, hiyo ni nakala ya kilichopo kwenye seva, na programu mpya huijenga yenyewe. Halafu pitia mzizi wa diski. Watu wana tabia ya kufungua folda moja kwa moja kwenye C na kuiita "Kazi" au "Vitu", kisha wakaisahau.

Lililo la lazima kuliko yote: nakili, usikate. Anayekata na kubandika anaacha data mahali pamoja tu, na umeme ukikatika katikati ya safari hajui kipi kimefika na kipi hakijafika.

Kukloni, na kwa nini kunawaangusha wengi

Kukloni ni kunakili diski nzima kama ilivyo, mfumo, programu, patisheni (migawanyo ya diski) zote, hadi sehemu ya kuwashia. Clonezilla hufanya kazi hiyo bure ikiwashwa kutoka kwenye flashi, na watengenezaji wengi wa SSD (diski zisizo na kinachozunguka) hutoa programu yao ya aina hiyo kwa diski zao.

Kama kompyuta ni ile ile na unabadilisha diski tu, kwa mfano unatoa diski ya kuzunguka unaweka SSD, sijui njia iliyo bora kuliko hii. Unakloni, unabadilisha, unawasha, na kila kitu kiko pale pale ila kwa kasi mpya. Ina masharti madogo. Clonezilla kwa kawaida inataka diski ya kupokelea isiwe ndogo kuliko ya kutolea, hata kama ya kutolea ina data kidogo. Hesabu gigabaiti zilizoandikwa, si zile unazozidhania. Na siku ya kuwasha mara ya kwanza itoe ile ya zamani, kwa sababu diski mbili zenye kitambulisho kimoja huichanganya Windows, nayo huzima moja.

Kuikloni diski ya kompyuta moja ili iwashe kompyuta nyingine ndiko kunakoleta kilio. Mfumo unaamka ndani ya mwili usio wake. Draiva, zile programu zinazoendesha vifaa, ni za bodi ya zamani. Kama mashine ya zamani iliwaka kwa BIOS, mtindo wa zamani wa kuwasha, na diski ina jedwali la MBR (orodha ya zamani ya migawanyo yake), mashine mpya inayokubali UEFI, mtindo mpya, peke yake haitaiona kabisa mpaka diski igeuzwe kuwa GPT, jedwali la kisasa. Zana ya kugeuza ipo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703, lakini si kila mtu anataka kuijua. Kidhibiti cha hifadhi kikiwa cha aina nyingine, unapata skrini ya buluu inayolalamika kwamba diski ya kuwashia haifikiki. Na ukivuka yote hayo, leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya zamani imefungwa kwenye bodi yake, haikufuati. Zaidi ya hayo, umeihamisha takataka yote ya miaka: programu zilizoachwa nusu, na vile vitu vinavyojiwasha vyenyewe asubuhi bila kuitwa.

Windows 10 yenyewe iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuikloni kwenye kompyuta mpya ni kubeba godoro la zamani kwenda nyumba mpya.

Kwa Mac hali ni nafuu. Programu ya Migration Assistant huhamisha akaunti, programu na mipangilio juu ya mfumo mpya uliokwisha kusakinishwa, kwa hiyo unapata raha ya kukloni bila balaa lake. Ikiwezekana tumia kebo. Kupitia Wi-Fi inafanya kazi, ila uwe na usiku mzima.

Kebo, au diski ya nje katikati

Kompyuta zote mbili zikiwa hai, unaweza kuzifunga pamoja kwa kebo ya mtandao. Huhitaji ruta. Mashine za kisasa hutambua zenyewe upande wa kupokea na wa kutuma, na hujipa anwani zinazoanza na 169.254. Unashiriki folda upande mmoja, unaifungua upande wa pili. Kwa nadharia kebo ya gigabiti moja hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, na kwa kweli karibu 110, ambazo ni sawa na uwezo wa diski nyingi za kuzunguka za kompyuta ya mkononi. Kwa maneno mengine, kebo haitakuchelewesha, diski yenyewe ndiyo itakayokuchelewesha. Kinachosumbua ni ruhusa za kushiriki na nywila za mtandao, na kwa uzoefu wangu muda mwingi hupotea hapo kuliko kwenye kunakili.

Usijaribu kuunganisha kompyuta mbili kwa kebo ya kawaida ya USB yenye plagi bapa pande zote. Kila upande unatoa umeme, na mmoja unaweza kuuharibu mwingine. Zipo kebo za USB za kuhamishia data, zenye kichipu katikati. Hizo ni salama.

Asiyetaka kufungua mashine wala kusumbuka na mtandao atumie diski ya nje. Ananakili kutoka ya zamani, anahamia upande wa pili, ananakili tena. Data inasafiri mara mbili, ndiyo, lakini ukimaliza una nakala tatu: ya zamani, ya katikati na ya mpya. Kwangu hiyo ni faida inayozidi muda uliopotea. Angalia mambo mawili tu. Diski au flashi ikiwa na FAT32, mfumo mkongwe wa kupanga faili, haipokei faili inayofika gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele, kwa hiyo video ndefu itagoma. Iumbize (iandae upya, nayo hufutika) kwa exFAT kabla hujaanza, nayo itasomeka na kuandikika kwa Windows na kwa Mac. Mac huisoma NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, lakini bila kuongezewa programu haiiandiki. La pili ni tundu unalochomekea. USB 2.0 kwa jina ni megabiti 480 kwa sekunde, kwa matumizi ni megabaiti 30 hadi 40. Gigabaiti 500 hapo ni kama saa 4. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu, litafanya kazi hiyo kwa muda wa diski yenyewe, kama saa moja na nusu kwa diski ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kompyuta kuukuu huenda ina moja tu la namna hiyo kati ya matundu yake yote, au haina.

Hesabu hizo ni za faili kubwa. Faili ndogondogo laki kadhaa hutembea polepole kwa njia yoyote ile, kwa sababu kila moja ina kazi yake ya kufunguliwa na kufungwa. Folda za namna hiyo zifunge ndani ya faili moja ya zip kwanza.

Kama huogopi kuandika amri, robocopy kwenye Windows ni bora kuliko kuburuta kwa kipanya, kwa sababu ikikatika unaianzisha tena nayo inaruka yaliyokwisha kufika. Ila ina kasoro moja ya kuchekesha: bila kuambiwa vinginevyo, faili ikigoma hujaribu tena mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Iandikie /R:1 /W:1 isikukeshe, na /XJ isizunguke kwenye njia za mkato zilizomo ndani ya AppData. Kwa Mac na Linux, rsync inafanya kazi hiyo hiyo.

Wingu

Wingu ni zuri kwa hati na kwa picha ambazo tayari ziko huko. Kwa diski nzima, piga hesabu ya kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 500 zinachukua zaidi ya siku 4 mchana na usiku, kisha uzishushe tena. Sina zaidi.

Diski inayougua

Ikiwa inabofyabofya kama saa ya ukutani, au folda inafunguka baada ya dakika nzima, sahau ulinganisho wote wa hapo juu. Usiikloni kwa programu ya kawaida, usiifanyie ukaguzi wa makosa, na usiiache Windows "ikarabati" kitu chochote. Kila dakika inapozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Programu ya kusoma SMART (taarifa ya afya ambayo diski hujiwekea), kama CrystalDiskInfo, itakuonyesha kwa sekunde chache idadi ya sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri. Namba hizo zikiwa zinapanda, diski inakuaga.

Hapa utaratibu unageuka. Chukua kwanza faili usizoweza kuzipata tena popote, picha za watu kabla ya filamu, na uzichukue kidogo kidogo. Kama unaimudu Linux, ddrescue imetengenezwa kwa siku kama hiyo. Hunakili kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, huziruka zenye kasoro, kisha hurudi kuzijaribu, na huweka ramani ya ilikofika ili uweze kusimama na kuendelea kesho. Ikiwa data ni ya thamani na diski inatoa sauti za ajabu, izime na umpelekee fundi wa kuokoa data ikiwa haijaguswa.

Baada ya kufika

Usiridhike na dirisha la kunakili kujifunga lenyewe. Bonyeza sifa za folda pande zote mbili ulinganishe idadi ya faili na ukubwa kwa baiti. Mstari wa "ukubwa kwenye diski" uache, huo hutofautiana kihalali kati ya diski na diski. Fungua picha chache za zamani kabisa, video moja ndefu, na ile faili ya hesabu unayoiogopa.

Kisha iweke diski ya zamani kwenye droo, ikiwa na lebo na tarehe, kwa mwezi mmoja au miwili. Kilichosahaulika hujitokeza siku unapokihitaji, kwa kawaida ni fonti, kiolezo cha barua, au cheti cha kusainia. Muda huo ukipita ndipo uifute. Kuumbiza kwa haraka hakufuti kitu, kunang'oa orodha ya yaliyomo tu. Diski ya kuzunguka iandikwe sifuri juu yake yote mara moja. SSD itumie amri ya kufuta kwa usalama kutoka programu ya mtengenezaji wake, kwa sababu kuiandika juu hakugusi akiba iliyojificha ndani yake.